Babu Gunari Bado Hajazikwa

Jumatatu, 2 Septemba

Joto. Feni imekufa. Emerensiana, mke wangu, anasema feni haijafa, umeme umekatika. Nimemwambia kwa mtu anayetokwa na jasho hiyo ni tofauti ya kitaaluma tu.

Likizo fupi ya shule imekaribia. Asubuhi yote nimeandika makala kwa gazeti. Kurasa sita. Kichwa: "Kwa Nini Taifa Linasoma Upuuzi Likizoni". Hoja yangu ni moja na hajatokea wa kuijibu. Watu wakienda ufukweni wanabeba vitabu vya ufukweni! Wameketi juu ya mchanga, wanasoma habari za mchanga. Jua utosini, jua kitabuni. Ni sawa na kula wali kwa mchuzi wa wali. Mtu mwenye akili akiwa kwenye joto husoma baridi. Theluji. Mito iliyoganda. Wazee wenye ndevu zilizoshika barafu. Damu inatulia, ubongo unarudi mahali pake, nchi inasonga mbele.

Emerensiana aliuliza ni gazeti gani litakalochapa kurasa sita. Nikamjibu: gazeti linalopenda ukweli. Akasema basi nisihangaike na bahasha mpaka nilipate hilo gazeti.

Lakini makala ni mzinga wa kwanza tu. Vita yenyewe iko kwenye Chama chetu cha Wasomaji. Kila mwaka likizo hii tunakwenda Kivukoni kupiga kambi kwenye mchanga wa mto, maji yakiwa yamepungua. Bahari iko mbali. Ufukwe wetu ndio huo. Tunabeba kitabu kimoja tu, na mwenye kitabu kilichochaguliwa ndiye anayewasomea wengine kwa sauti. Miaka miwili mfululizo kitabu kimekuwa cha Tamimu, mwenye duka la vitambaa. Mapenzi ya Pwani! Mara zote mbili! Msichana, mnazi, machozi. Mwaka jana nilikatiza usomaji kwa hoja za msingi mpaka nikaombwa nikachote maji.

Mwaka huu nasoma mimi.

Jumatano, 4 Septemba

Ushindi! Sokoni, kwenye turubai la mitumba, kati ya viatu vya mpira na sidiria, nimepata kitabu. Cha Kiingereza, kinene kama tofali. Muuzaji alisema kilitoka kwa mtafiti mmoja wa malaria aliyerudi kwao. Jalada: nyumba ndogo iliyofukiwa na theluji mpaka madirishani. Hakuna mnazi hata mmoja. Nilisikia ubaridi shingoni pale pale, ingawa muuzaji anadai ni kwa sababu nilisimama chini ya bomba linalovuja.

Nitakitafsiri papo hapo nikisoma. Nimeshakipa jina la Kiswahili: Kijiji Chini ya Theluji.

Nimesoma ukurasa wa kwanza na ukurasa mmoja wa katikati. Inatosha. Mtu aliyesoma kama mimi hahitaji kumaliza kitabu ili akijue. Nimekipima kwa mkono pia. Kizito. Mgongoni, chini ya jina, kuna kijistari kimoja kilichosimama wima, cha rangi ya dhahabu. Urembo. Watu wa kaskazini hawana makuu.

Emerensiana aliuliza kinahusu nini. Nikasema baridi. Akauliza nani anafanya nini kwenye hiyo baridi. Nikamwambia hayo ni maswali ya watu wa mapenzi ya Pwani.

Jumamosi, 7 Septemba

Mkutano wa kuchagua kitabu, sebuleni kwa Mama Wilhelmina. Ndiye mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu. Amefundisha nusu ya Ifakara, mimi nikiwemo. Mpaka leo nikimwambia shikamoo mikono yangu inakwenda mgongoni yenyewe.

Nilikuwa na mbinu. Kichwa hakiamini mpaka miguu iamini! Nilipata barafu kwa wachuuzi wa samaki, nikaijaza kwenye mabeseni mawili, nikayasukuma chini ya meza kabla watu hawajafika, kitambaa cha meza kikaficha kila kitu. Nilipoanza kusoma, theluji inaanguka, upepo unavuma, ubaridi ukapanda miguuni mwa wanachama. Nyuso zikabadilika! Zena, mke wa Tamimu, alijifunika kanga mabegani. Beno, mkulima wa Michenga, alifumba macho akasema jamani, hii naisikia kabisa.

Kisha barafu ikaanza kuyeyuka na kutoa historia yake. Kambale. Tamimu alinusa, akauliza, kwa adabu ya uongo, kama huko kaskazini theluji huanguka na samaki wake. Paka wa Mama Wilhelmina akaingia chini ya meza. Paka wa jirani akamfuata. Beseni likapinduka. Mama Wilhelmina akainua miguu juu kama msichana na kuniita Deogratias, jina zima, kama enzi za fimbo.

Lakini kura! Beno alinipigia mimi, kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba na sasa imepoa. Zena alinipigia mimi kwa sababu wamegombana na mumewe juu ya jambo lisilohusiana na fasihi. Mimi nilijipigia kwa dhamiri safi. Emerensiana alimpigia Tamimu. Nimeliona hilo. Nimeliandika hapa.

Ndipo Tamimu akasema maneno yaliyoniwasha. Sawa, Mwalimu, akasema, theluji yako umeipata, ila watu watakukimbia. Siku ya pili tu utakuwa unawasomea mamba. Nilisimama. Nikatangaza kwamba mwanachama hata mmoja akiondoka mchangani kabla sijasoma ukurasa wa mwisho, nitanyamaza mikutanoni mwaka mzima. Sitahoji. Sitachangia. Sitatoa taarifa.

Nilisubiri mtu anizuie. Mama Wilhelmina alikuwa ameshaandika kwenye kumbukumbu za mkutano na kupiga mstari chini yake. Beno alipiga makofi. Mke wangu pia, na yeye alichelewa kuacha.

Mwaka mzima! Nimewahi kunyamaza mara moja tu maishani, nilipong'olewa jino, na hata hapo daktari alilalamika.

Jumatatu, 9 Septemba

Tumefika Kivukoni. Bajaji mbili: masufuria, mikeka, turubai, gunia la mchele, Beno. Daraja juu, mchanga chini, mto umekonda. Wavuvi na mitumbwi yao upande wa chini. Kiboko mmoja kwenye kina, masikio juu, anatutazama kama ofisa elimu. Tunaoga kwa ndoo, mbali na maji, kwa sababu ya mamba. Nikawaeleza wenzangu kwamba fukwe za Ulaya hazina mamba, ndiyo maana wasomaji wao wanasinzia. Walikuwa wanashusha mizigo.

Tamimu ameanza hujuma. Amepanga na dereva mmoja wa bajaji aje kila siku saa kumi jioni, eti kama kuna mwanachama "hajisikii vizuri". Alilitangaza hilo kwa sauti ya asali. Nilimfuata dereva pembeni nikamweleza, kwa nia njema, kwamba kila saa kumi yule kiboko hutoka majini na hapendi rangi ya bluu. Bajaji yake ni ya bluu.

Dereva alimwambia Beno. Beno aliwaambia wote. Matokeo: wanachama wamehamisha mikeka yao mbali na maji, mpaka pale pale bajaji inapogeuzia.

Jumanne, 10 Septemba

Siku ya kwanza ya kusoma. Nilivaa sweta na kofia ya sufu ili kuipa sauti yangu uhalisia. Kufikia ukurasa wa nane nilikuwa naona nyota. Emerensiana alinimwagia ndoo ya maji bila kuniuliza, akanivua kofia, akasema Baba Levina, soma kama mtu. Nimesoma kama mtu.

Hadithi ni hii. Kuna mzee mkali anaitwa Gunari. Anaishi na mjukuu wake Sigrida kwenye nyumba ya jalada. Mzee anapasua kuni, anagombana na jirani kuhusu uzio, hakubali kushindwa hoja. Mtu wa maana sana. Zena alisema anamkumbusha babu yake wa Kilosa, na kuanzia hapo kila mtu akawa anamwita Babu Gunari.

Kisha maswali. Beno alitaka kujua ng'ombe wa Babu wanakula nini ikiwa majani yamefunikwa miezi sita. Nikasema majani makavu. Akataka kujua wanalima lini. Nikasema kiangazi. Akauliza nani anawafukuzia ndege kwenye mpunga. Nikasema hakuna mpunga, hakuna ndege, shamba lote limelala. Beno alihesabu miezi kwa vidole. Kisha akasema, aa, ndiyo maana wanaandika vitabu vinene, hawana ndege wa kufukuza. Kwa maoni yangu huo ndio uhakiki bora uliowahi kutolewa katika Chama hiki, ukiacha wa kwangu.

Tamimu alilala. Alikoroma kwa makusudi, na mkoromo ulikuwa na vituo.

Saa kumi bajaji ilikuja. Moyo wangu! Dereva akapiga honi. Hakuna aliyeinuka. Ng'ombe wa Babu Gunari alikuwa anakaribia kuzaa na Zena alisema haondoki mtu hapa mpaka ndama asimame. Dereva mwenyewe alizima injini akasikiliza mpaka ndama aliposimama. Nilimtazama Tamimu. Alikuwa amefumba macho, lakini mkoromo ulikuwa umekoma.

Jumatano, 11 Septemba

Babu Gunari amefariki.

Sikujua! Nilikuwa natafsiri kwa kasi nzuri, Babu yuko nje anapasua kuni, theluji magotini, anamtukana jirani, sentensi inayofuata amelala chini. Zena alitoa kilio kidogo. Nikaendelea. Na hapo ndipo kitabu kilipotugeuka.

Huko kwao, kumbe, majira ya baridi ardhi huganda kama chuma. Jembe haliingii. Kwa hiyo ndugu walimfunga Babu Gunari kwenye shuka, wakambeba, wakamlaza kwenye stoo ya kuni. Atazikwa theluji ikiyeyuka.

Kila kichwa kiliinama. Hata kiboko alizama.

Beno aliuliza: stoo ya kuni? Nikasema ndiyo. Tamimu alikuwa ameketi wima, macho makavu, hana usingizi hata chembe. Akauliza mpaka lini. Nikasema inaelekea mwezi wa tano. Akauliza sasa huko ni mwezi gani. Nikasema wa kwanza.

Ghasia! Tamimu alisema kwao maiti hailali hata usiku mmoja sembuse miezi, na mjukuu huyo hana wajomba? Mama Wilhelmina alisema paroko wa huko ashtakiwe kwa askofu. Beno alishika kichwa. Wawashe moto juu ya ardhi ilainike, alisema, kuni si wanazo? Si ndizo anazolalia! Nikamweleza kuwa mimi ni msomaji, si ndugu wa marehemu. Akasema basi niwaandikie.

Emerensiana alikuwa anakaanga samaki. Aliepua kikaango, akabandika sufuria kubwa la maharage. Sikuelewa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hatuwezi kukaa tunajilamba vidole kwa samaki, na mzee wa watu yuko stoo. Zena alikwishajifunga kanga kiunoni na kukaa mkekani, miguu imenyooshwa. Mama Wilhelmina akaketi karibu yake. Wanaume wakahamia upande wa pili na kuwasha gogo. Tamimu alifunga boksi lake la soda na kulikalia.

Hakuna kuimba, hakuna karata, hakuna soda. Likizo imegeuka msiba.

Saa kumi bajaji ilikuja. Dereva alipoona tumekaa vile alivua kofia, akatoa pole, akaondoka taratibu bila honi.

Kwa siri nakiri hapa: nimefurahi. Hakuna Mndamba, Mpogoro wala mtu wa Pwani atakayeinuka kwenye msiba kabla ya mazishi. Babu Gunari amewafunga mchangani kuliko kamba. Marehemu alikuwa mtu wa maana sana.

Alhamisi, 12 Septemba

Msiba umekua.

Asubuhi wavuvi walipita na mitumbwi, wakaona wanawake mkekani, wanaume kwenye gogo, sufuria la maharage. Mtu hapiti tu. Wakaegesha. Mkubwa wao, Yoramu, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole, aliuliza tumefiwa na nani. Zena alisema babu mmoja, wa kaskazini. Yoramu akauliza mazishi lini. Zena akasema mwezi wa tano.

Nilidhani ni vyema kumtoa wasiwasi. Nilimweleza kuwa marehemu yumo kitabuni, nikamwonyesha kitabu. Yoramu alikiangalia kwa heshima. Akasema kitabuni au si kitabuni, hajazikwa. Akaketi. Wenzake wakaketi. Akatuma mmoja wao alete mtungo wa perege kama mchango wao.

Kufikia mchana walikuwepo wanawake wawili wa Katindiuka waliokuwa wanakwenda kliniki, muuza mitumba mmoja na mzigo wake kichwani, na yule dereva wa bajaji, ambaye leo amekuja mapema na mama yake. Na wote wanasikiliza! Mimi! Nasoma, wanaguna pale panapostahili kugunwa. Maisha yangu yote nilikuwa natafuta wasikilizaji wa namna hii. Gazeti la nini?

Tatizo dogo. Yoramu aliuliza nani msemaji wa familia. Mama Wilhelmina, Beno, Zena na mke wangu walininyooshea kidole kwa pamoja. Kwa hiyo sasa mimi ndiye msemaji wa familia ya Babu Gunari, na kila baada ya kurasa chache mtu ananiomba ratiba ya mazishi. Nimewaambia ratiba itatolewa. Nimewaambia vikao vinaendelea. Niliongea vizuri sana.

Tamimu amebadilika kabisa. Hataki hata nimeze mate. Nikifungua ukurasa ananiuliza, Mwalimu, bado yupo stoo? Nasema bado. Anatikisa kichwa na kusema soma, baba, soma. Nilimkumbusha kuwa kesho nikimaliza, nimeshinda. Akasema hayo ya kushinda tutaongea tukitoka makaburini.

Nimegusa kurasa zilizobaki. Ni nyembamba kama andazi la jana. Watamzika kesho kabla ya chakula.

Ijumaa, 13 Septemba

Niandike kwa utulivu.

Watu walikuwa wengi kuliko jana. Nilisafisha koo. Nikasoma. Mwezi wa pili, theluji. Mwezi wa tatu, theluji. Jirani anakuja kuomba msamaha mbele ya mlango wa stoo. Zena alilia, na mama wa dereva akalia zaidi. Ukurasa wa mwisho. Sigrida amesimama dirishani. Anatazama stoo. Theluji inaanza tena kuanguka.

Nikageuza ukurasa. Mweupe. Katikati, kwa herufi ndogo, maneno manne ya Kiingereza yaliyosema kwamba huo ndio mwisho wa juzuu ya kwanza.

Niliyasoma kimoyomoyo mara kadhaa. Hayakubadilika.

Nikainua macho. Mchanga wote unanitazama. Yoramu ameshika kofia yake kifuani. Tamimu akasema, haya, Mwalimu, twende makaburini.

Mtu mwingine angekiri. Mimi nilifunua ukurasa uliofuata, nikaukunja kidogo usionekane, nikaendelea kusoma.

Theluji ikayeyuka! Yote, kwa siku moja. Ardhi ikalainika kama ya majaruba ya mpunga. Vijana wakachimba. Paroko akaja na pikipiki. Kwaya ikaja na sare mpya. Jeneza likapita mlangoni bila kugonga. Watani wa marehemu wakashuka kaburini, wakalala humo, wakasema hawatoki mpaka wapewe jogoo. Hapo Beno aliruka. Kumbe na wao wana watani! Watu wote wakacheka huku wakifuta machozi. Nikanogewa. Mjomba mmoja mnene akateleza na chepe lake akaingia shimoni kabla ya marehemu. Wakamtoa kwa kamba. Babu Gunari akashushwa. Udongo. Maua. Yoramu alipiga ishara ya msalaba na kupumua kama mtu aliyetua gunia. Tamimu alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili.

Ningefunga kitabu hapo. Najua! Lakini mazishi hayajaisha bila hotuba, na mimi ndiye msemaji wa familia. Nikamleta kaka wa marehemu kutoka ng'ambo ya mlima. Kaka akasimama kando ya kaburi, akawashukuru waombolezaji, kisha akaanza kulaani, kwa ufasaha wa ajabu, tabia ya watu kubeba hadithi za mapenzi kwenda nazo ufukweni. Akawataja hasa wauza vitambaa.

Mama Wilhelmina aliinuka. Alivaa miwani. Alikuja nyuma yangu polepole, mchanga ukilia chini ya kandambili zake, akainama juu ya bega langu.

"Deogratias," akasema, "ukurasa huu unauza masweta."

Ulikuwa unauza masweta. Na makoti.

Sitaandika kelele zote. Nilisema huo ulikuwa muhtasari wa juzuu ya pili kwa kadiri mtu msomi anavyoweza kuikisia. Mama Wilhelmina alikigeuza kitabu, akaweka ukucha wake mgongoni pake, akaniambia angalia hapa. Nilikataa kuangalia. Mimi si mtu wa kuonyeshwa mgongo wa kitabu.

Kisha Emerensiana akazungumza. Alisema, Baba Levina, hayo ni mazishi ya baba yangu, kule Mahenge. Jogoo wa watani. Pikipiki ya paroko. Hata mjomba Fransisko na chepe lake umemtia. Nilijiandaa kukimbilia upande wa mamba. Lakini hakuwa na hasira. Alisema hakujua kama nilikuwa naangalia siku ile, maana alidhani nilikuwa nabishana na katekista. Nilikuwa nabishana na katekista. Lakini niliangalia pia.

Ukaja mjadala wa pili: je, mazishi yale yanahesabika? Yoramu alisema yanahesabika, yeye amesali kwa moyo. Tamimu alisema, kwa huzuni ya kweli, kwamba yalikuwa mazishi mazuri kuliko yote aliyowahi kuhudhuria, lakini mtu aliyezikwa si Babu Gunari, ni baba mkwe wa Mwalimu, na Mungu amrehemu mara ya pili. Babu Gunari bado yuko stoo.

Nikasema mimi nimeshinda: hakuna mwanachama aliyeondoka! Mama Wilhelmina akakubali hakuna aliyeondoka. Ila ukurasa wa mwisho sijausoma, kwa sababu uko kwenye juzuu ya pili. Basi akatoa uamuzi. Nitanyamaza kuanzia leo mpaka juzuu ya pili ipatikane na marehemu azikwe kihalali. Tamimu alisema inaweza kuzidi mwaka. Wakapiga kura. Mimi nilinyoosha mkono kutoa taarifa, ukahesabiwa kuwa kura ya ndiyo.

Bajaji ilikuja saa kumi, ikapakia. Kabla ya kuondoka Emerensiana alikaanga perege wa Yoramu wote, tukala pamoja na wavuvi. Alisema baba yake alipenda perege. Tamimu alifungua boksi la soda. Zilikuwa zimechemka. Alinipa ya kwangu kwa mikono miwili, kama anayempa mfiwa, akasema ameshampigia shemeji yake wa Kariakoo aanze kuitafuta hiyo juzuu, maana yeye hatapata usingizi.

Jumapili, 15 Septemba

Kimya.

Baada ya misa, kikao kifupi cha Chama. Niliandika maoni yangu kwenye vikaratasi na kuvipitisha. Mama Wilhelmina ameamua kwamba vikaratasi ni kelele. Emerensiana naye anadai wanachama wawili wakiwa jikoni ni mkutano, na sisi ni wanachama wawili. Anasema nyumba imepoa kuliko kitabu chochote cha kaskazini.

Feni inafanya kazi. Hakuna wa kumwambia.

Nimetafakari kwa kina yaliyotokea, na kosa nimeliona. Baridi haikutosha. Kijiji kina stoo, stoo ina kuni, kuni zinaleta maiti. Ilitakiwa mahali pasipo na stoo. Ndiyo maana leo mchana nimepitia tena kwa yule muuza mitumba, nikaonyesha kwa vidole, nikapewa. Ajabu! Jalada lina meli iliyonaswa kwenye barafu. Hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna jembe. Mwaka ujao Beno atakipendekeza kwa niaba yangu. Nitampelekea beseni mapema.

Nimesoma ukurasa wa kwanza. Kila mtu anamzungumzia kapteni fulani kana kwamba nimeshawahi kukutana naye. Ni mtindo wa kisasa, nimeuelewa. Hakuna haja ya kuendelea. Kinene, kizito, na hata mgongo wake umepambwa vizuri kuliko wa kile cha kwanza: vijistari vitatu vya dhahabu, vimesimama bega kwa bega.